Mwenyekiti Ndani ya Fremu

Mwenyekiti wa kwanza wa kampuni yetu alikuwa marehemu kabla kampuni haijazaliwa, na hakuna mtu mzima katika familia aliyeona kasoro yoyote katika mpangilio huo. Natamka haya kwa heshima zote, kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe alikuwa babu yangu, na fomu niliijaza mimi.

Babu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na hasa vitanda vya ghorofa, vile ambavyo sisi wa shule za bweni hulalia wawili wawili, wa chini akiomba dua kila wa juu anapojigeuza. Alipofariki aliacha karakana, mashine mbili za kuchomelea na watoto wawili. Wa kwanza ni mama yangu, ambaye akishika mashine chuma kinatii bila kujibu. Wa pili ni mjomba wangu, mtafuta wateja, ambaye anaweza kumshawishi mtu asiye na nyumba anunue geti.

Babu hakuacha neno la nani awe mkubwa wa kazi. Basi wanawe wakaamua kwamba mkubwa atabaki kuwa yeye yule. Ubishi ukiishiwa pumzi, mmoja husema, "Mzee angekataa," na mwenzake hujibu, "Mzee angekubali kabisa, tena kwa mikono miwili." Babu alipokuwa hai alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu afariki amekuwa msemaji hodari sana, na ana msimamo juu ya kila jambo, kuanzia rangi ya mageti hadi sabuni ya kunawia mikono.

Mambo yangeendelea hivyo hadi kiama kama si mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana. Si shule yangu. Yangu inangoja vitanda vilivyopo vianguke vyenyewe. Mkuu huyo alitaka vitanda vipya vya bweni zima, na alipenda kazi ya Mama. Lakini alimwambia Mjomba waziwazi kwamba shule yake inanunua kwa kampuni iliyosajiliwa tu. Cheti kimfikie kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine.

Mama alisikiliza habari hizo huku akifuta miwani yake ya kazi.

"Hii ikitupita," alisema, "mimi naenda kuajiriwa gereji. Nimechoka kuchomelea dirisha moja kwa mwezi."

"Sawa, dada," Mjomba akajibu. "Na mimi nitauza mashine."

Walisema hayo kwa upole, kama watu wanaoulizana saa. Nilikuwa likizo, na nilikuwa nimepanga kuitumia kwa kulala na kuwasumbua wao. Nikaelewa kwamba likizo yangu imekwisha.

Maombi yalijazwa kwenye simu ya Mjomba, mimi nikiwa karani. Sehemu ya kwanza ilitaka majina matatu ya kampuni ili ofisi ichague litakalofaa. Mjomba akatoa "Lala Salama." Mama akatoa "Vitanda vya Taifa." La tatu halikupatikana, na baada ya kukuna vichwa wakaniambia niweke lolote. Niliweka "Hakianguki."

"Wakurugenzi?" niliuliza.

"Mimi na Mama yako."

"Mwenyekiti wao?"

Mjomba akaangalia dari. Mama akaangalia ukuta, ilipotundikwa picha ya Babu akiwa amevaa koti lake la sherehe.

"Mwandike Mzee," alisema Mama.

"Mama, Mzee ameshatangulia."

"Kwani nimesahau? Mwandike."

"Ndiyo, mwandike," Mjomba akaunga mkono haraka mno. "Nani atafanya jambo kubwa namna hii bila Mzee? Mpe na hisa. Katika mia, Mzee sitini, sisi ishirini ishirini."

"Hapo hakuna atakayemzidi mwenzake," alisema Mama, na wote wawili wakashusha pumzi.

Fomu ikataka namba ya kitambulisho cha Babu, na Mama akakileta kutoka kwenye sanduku lake. Ikataka anwani ya baruapepe. Nilimfungulia Babu baruapepe, nikiwa na uso wa mtu anayefunga ndoa ya kiserikali. Karani haulizi maswali.

Jumatano ujumbe ukaingia: waombaji wote wafike wenyewe ofisini, na vitambulisho vyao, kwa ajili ya uhakiki.

Mjomba aliusoma, akausoma tena, akaushusha mbali na macho kama mzee wa kanisa. "Wamesema wote," alinong'ona.

"Wote maana yake ni wote," nikasema.

"Mheshimiwa, hebu nyamaza." Hilo la Mheshimiwa ndilo jina langu nyumbani, tangu siku nilipowakaribisha wageni wa posa ya binamu yangu kwa hotuba iliyochukua muda mrefu kuliko posa yenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi Mama aliitoa picha ukutani, akaipangusa, akaiviringisha kwenye taulo safi. "Si wamesema wote?" alisema. "Tunakwenda wote." Nami nikapewa dhamana ya kumbeba mwenyekiti kwapani.

Ofisi ya msajili wa kampuni ilikuwa kwenye jengo la ghorofa mbili, ngazi zake zimelika katikati kwa miguu ya watu wenye matumaini. Ndani palikuwa na ukumbi mrefu, madirisha ya vioo, mashine ya kutoa namba, na viti vya chuma vilivyounganishwa safu kwa safu. Mama alikiinamia cha kwake kabla ya kukikalia, akapitisha kidole kwenye maungio. "Huyu alichomelea akiwa na njaa," alisema, kisha akakaa kwa uangalifu.

Nyuma ya ukuta wa kioo vijana wawili walikuwa wakifungua majalada ya zamani, karatasi kwa karatasi, na kuyapitisha kwenye mashine ya kunakili. Majalada yalipanda hadi darini. Mjomba alimuuliza mlinzi kama hizo zote ni kampuni.

"Zote. Zilizo hai na zilizokufa."

"Zilizokufa mnaziweka za nini?"

"Mtu anaweza kuja kuuliza nani alikuwa mwenye nayo," alisema mlinzi, akishangaa kwamba kuna mtu asiyejua.

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kucheka. Sisi wa bweni tunazijua ofisi: bwana anayekunywa chai, dada anayesema njoo kesho, na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Feni ilikuwepo. Lakini kwenye dirisha tulilopangiwa alikuwepo mama mmoja mfupi, msajili msaidizi, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine utosini, na sikuchukua muda kuona kwamba kwake yeye kazi ilikuwa ikienda.

Mbele yetu alikuwepo bwana mmoja aliyevaa suti inayong'aa. Alitaka kusajili kampuni ya rangi kwa jina la kampuni ya rangi inayojulikana na kila mtu, ila mwishoni kaongeza neno "Mpya."

"Haiwezekani, kaka," alisema Msajili. "Linafanana na la mwenzako."

"Lakini mimi ni Mpya!"

"Nakuona. Sasa mteja akinunua rangi yako, ikabanduka, atamlaumu nani?"

"Atamlaumu yule wa zamani," bwana akajibu kabla hajafikiri.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msajili hakucheka. Alimrudishia karatasi zake kwa mikono miwili na kumwambia atafute jina ambalo atakuwa tayari kulaumiwa nalo. Niliihifadhi sentensi hiyo kichwani kwa matumizi ya baadaye dhidi ya kiranja wetu.

Baada yake akaja dada wa kampuni ya juisi, ambaye hakutaka kitu. Alikuja tu kutoa taarifa kwamba wamehama, kutoka mlango mmoja hadi mlango wa pili, mtaa uleule. Msajili akaandika, akamsomea alichoandika, akamshukuru kana kwamba ameletewa zawadi. "Ungejua wangapi wanahama kimya kimya," alimwambia.

Ikafika zamu yetu. Tukasimama dirishani watatu, na mwenyekiti akiwa kwapani.

"Tuanze na jina," alisema Msajili, akigonga vitufe. "Lala Salama ipo tayari."

"Wanatengeneza vitanda?" Mjomba aliuliza.

"Majeneza."

Mjomba akakohoa.

"Vitanda vya Taifa. Neno taifa lina masharti yake. Watu wataona kitanda wadhani serikali ndiyo inayowalaza. Mtahitaji kibali." Akashusha miwani ya utosini juu ya ile ya puani. "Hakianguki." Akaniangalia mimi, sijui alijuaje. "Hii ni ahadi nzito."

"Hiyo ni michezo ya mtoto," Mama aliomba radhi.

"Haifanani na ya mtu yeyote, haimdanganyi mtu yeyote. Imepita."

Nilisimama wima kama bendera. Niliuliza kama nami naweza kuandikwa mkurugenzi, ikiwa nimeshaanza kuchangia.

"Umetimiza miaka kumi na minane?"

"Rohoni, ndiyo."

"Ukitimiza na mwilini, rudi." Akageuza ukurasa kwenye kompyuta yake. "Naona wakurugenzi wawili wapo. Mwenyekiti, mwenye hisa sitini, yuko wapi?"

"Yupo," alisema Mjomba, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Basi asogee."

Mjomba akaniangalia. Mama akaniangalia. Nikafungua taulo taratibu, nikamsimamisha Babu kwenye kaunta, koti lake la sherehe likielekea kwenye kioo.

Nilitegemea kelele. Nilikuwa hata nimemwandalia Babu utetezi. Lakini Msajili alivua miwani zote mbili, akasimama, akaitazama ile picha kwa muda, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Poleni sana," alisema. "Ndiye aliyeanzisha kazi?"

"Ndiye," Mama alijibu.

"Naona. Lakini, mama, siwezi kumwandika."

"Hatukutaka kudanganya," Mama akasema haraka. "Ni heshima tu. Kwetu hakuna kinachofanyika bila yeye."

"Najua si udanganyifu. Mtu anayedanganya haji na picha." Akakaa. "Sikilizeni. Nikishawapa cheti, kampuni inakuwa kama mtu. Inaweza kununua, kuuza, kushtaki, kushtakiwa. Ila ni mtu asiye na mdomo wala miguu. Ndiyo maana daftari letu liko wazi. Yeyote akija kuuliza nani yuko nyuma ya Hakianguki, namwonyesha. Sasa kitanda kikivunjika, msichana wa watu akaumia, nimwite nani? Huyu mzee? Nikimwandika yeye nitakuwa nimewaficha watu wawili walio hai nyuma ya mtu asiyeweza kujitetea."

Mama alimgeukia Mjomba.

"Kitavunjika tu," Mama akasema ghafla, "tukikiunda kwa bomba la chuma analolitaka huyu."

"Dada, si hapa!"

"Hapa hapa. Ameiahidi shule bei ya bomba jembamba, mama. Nikimwambia haifai, ananijibu Mzee angekubali."

"Na yeye anataka bomba la kujengea daraja!" Mjomba alimgeukia Msajili. "Wasichana wa watu, siyo tembo! Halafu mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Kama Mzee haandikwi, basi niandike mimi hamsini na moja."

"Hamsini na moja, wewe? Mara ya mwisho kushika mashine ulichoma suruali yako!"

Bwana wa suti, ambaye alikuwa pembeni akitafuta jina la kulaumiwa nalo, aliacha kalamu ili asikilize vizuri.

Msajili aliinua mkono. "Ofisi hii haigawi hisa. Inaandika mlivyogawana. Nendeni kwenye benchi lile, mkikubaliana mrudi bila kuchukua namba nyingine. Ila niwaambie jambo moja. Mkigawana nusu kwa nusu, inaruhusiwa. Lakini siku mkibishana mtakwama kama leo, na hamtakuwa na wa kumsingizia. Basi andikeni kabisa kwenye katiba ya kampuni mtafanya nini siku hiyo." Akatusukumia nakala chini ya kioo. "Hii ni katiba ya mfano. Mnaweza kuongeza vifungu vyenu."

Katiba! Nilikuwa nimesubiri neno hilo maisha yangu yote.

Benchini walikaa huku na huku, Babu katikati. Kwa muda Mjomba alichezea funguo zake. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, "Hamsini kwa hamsini, dada. Hata nikipata hiyo moja ya zaidi, wewe ukienda gereji nitakuwa mkubwa wa nini? Wa karakana tupu?"

"Haya. Na tukibishana?"

"Tukibishana..."

Nikaomba nafasi kwa kuinua kidole, kama bungeni. Nikapendekeza kifungu hiki, ambacho nakinukuu kwa ukamilifu kwa faida ya vizazi vijavyo: Wakurugenzi wakishindwa kukubaliana juu ya kitanda chochote, watakilalia wenyewe usiku kucha, anayetaka bomba jembamba akiwa chini, na asubuhi watapiga kura upya.

Mama aliniangalia kwa jicho lile la kunifukuza mbele za watu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ubavu. Mjomba alijitahidi kukunja uso, akashindwa.

"Eti chini!" alisema. "Mheshimiwa, unaniua na nikiwa hai."

"Kiandike," Mama akasema, akifuta machozi. "Kiandike hivyo hivyo."

Nilikuwa nimefanya utani, nikiri hilo. Lakini Msajili alipokisoma kifungu, hakukitupa. Alikisoma polepole, kalamu ikifuata maneno. "Sioni sheria inayokataza wakurugenzi kulala," alisema. "Ongezeni tu kwamba mkiamka bado hamjakubaliana, mtamchagua msuluhishi mnayemwamini nyote wawili. Yeye alale kwake." Kisha akaniuliza ninasoma kidato cha ngapi, na nilipomjibu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeweka kitu kwenye jalada.

Zikabaki saini. Kila mkurugenzi alikuwa na karatasi yake ya kukubali wadhifa. Mjomba alizichukua zote mbili, kama kawaida. Tangu Babu afariki yeye ndiye husaini kila kitu, na Mama huwa na mikono yenye grisi.

"Hapana, kaka," alisema Msajili. "Kila mtu kwa mkono wake."

Mama akachukua ya kwake. Hakusaini. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza, huku watu nyuma yetu wakihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Msajili hakumharakisha.

"Hapa pamesema nitawajibika," Mama alisema mwishowe. "Mtu akija kuuliza, atanikuta mimi? Jina langu?"

"Atakukuta wewe."

"Siyo la Mzee. Siyo la huyu."

"Lako."

Mama alinyoosha mgongo. Akasaini. Kisha akaigeuza kalamu na kumpa kaka yake, mpini mbele.

"Sasa wewe. Na ujue jina langu limeshaingia. Bomba jembamba silichomelei."

Mjomba aliiinamia karatasi. Nilimwona akitafuta sentensi yake ya siku zote, ile ya Mzee, na nilimwona akigundua kwamba Mzee hayumo tena kwenye fomu.

"Na mimi," alimuuliza Msajili, "jina langu litaonwa na yeyote?"

"Yeyote atakayeuliza."

"Hata mzazi wa mwanafunzi?"

"Hasa yeye."

Mjomba akamwangalia dada yake. "Bomba nene," alisema. "Faida itapungua, nitajua nitakavyomweleza mkuu wa shule. Lakini nene." Akasaini, saini ndefu yenye mikia, safari hii kwa niaba ya nafsi yake.

Msajili alikagua vitambulisho, akalinganisha saini, akagonga vitufe, akaenda nyuma ya kioo, akarudi na karatasi nzito. Akaibana chini ya mashine ya muhuri, akaegemea kwa uzito wake wote mdogo, na nembo ikainuka juu ya karatasi kama chale. Mjomba aliigusa kwa kidole. Mama aliigusa pia. Nilimwona Msajili akitusubiri tumalize kuigusa. Nadhani ameliona jambo hilo mara elfu, na bado alikuwa akitazama.

"Hongereni," alisema. "Mkihama, mje mniambie."

Najua mzaha unapofaa na unapokoma. Nilimwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, na hii ya pili sikuwa nikiigiza.

Ngazini Mjomba alimpigia mkuu wa shule. Simu aliiweka sauti ya nje, kwa kuwa hawezi kuongea jambo zuri bila hadhira.

"Cheti tunacho, mwalimu. Tunakuletea leo hii. Ila bei itapanda kidogo, nitakueleza kwa nini, na utafurahi."

"Tutaona kama nitafurahi," ilisema sauti ya mkuu. "Na nikiwa na malalamiko baadaye, ninamtafuta nani? Maana kila nikipiga naambiwa Mzee hayupo."

Mjomba akampa dada yake simu.

Mama aliishika mbali kidogo na uso, jinsi anavyoshika chuma cha moto. Akataja jina lake. Alilitaja lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, polepole, akiacha nafasi kati ya moja na jingine ili mwalimu apate kuandika. Kisha akaisogeza simu upande wa pili, na Mjomba akainama, akataja la kwake.